Kutengeneza na Kutenga Chembe Nano za Dhahabu: Mwongozo Kamili wa Maabara

Mstari mwekundu unaojitokeza kwenye kipimo cha haraka cha malaria, au kwenye kipimo cha ujauzito kinachouzwa duka la dawa, mara nyingi ni dhahabu. Ni dhahabu halisi, iliyo katika chembe za nanomita 40 hivi, na nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho haionekani ya manjano. Mwanga ukiipiga, elektroni zake huyumba kwa pamoja, hufyonza mwanga wa kijani, na jicho linabaki na wekundu.

Mwaka 1857 Michael Faraday alieleza vimiminika hivi vyekundu huko London. Alivipata kwa kutumia fosforasi kuivua dhahabu kutoka kwenye myeyusho wa chumvi yake, na baadhi ya chupa zake zimehifadhiwa mpaka leo katika Royal Institution. Njia tutakayoifuata hapa ni ya baadaye na ni salama zaidi. John Turkevich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Princeton waliichunguza kwa kina mwaka 1951, na mwaka 1973 mtafiti Frens akaonyesha jinsi ya kupata ukubwa tofauti kwa kubadili kipimo kimoja tu. Inahitaji chumvi ya dhahabu, sitreti ya sodiamu (chumvi ya asidi ya limau), maji safi na moto.

Wanafunzi wengi huweka hofu yao yote kwenye kuchemsha. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu nyepesi, tena haimalizi hata saa moja. Kazi huharibikia kwenye vyombo kabla ya moto kuwashwa, au kwenye kutenga baada ya moto kuzimwa. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa zaidi kwenye sehemu hizo mbili.

Kwa nini chembe hizi hazishikani

Jambo hili likieleweka, karibu kila onyo linalofuata litajieleza lenyewe. Dhahabu tupu ikikutana na dhahabu tupu huungana na kuwa kipande kimoja. Chembe zetu hazifanyi hivyo kwa sababu zimevishwa sitreti, na sitreti ina chaji hasi. Chembe mbili zikisogeleana, chaji zao zinasukumana na kila moja inarudi zake.

Ukiongeza chumvi ya mezani, ioni za sodiamu huzizingira chembe na kuifunika chaji ile. Msukumano hupotea, chembe hugandana, na rangi hugeuka zambarau kisha bluu. Ukikausha, unazibana mpaka zigusane. Ukigandisha kwenye friza, barafu inazisukuma pamoja. Moto wenyewe, kwenye maji safi, hauzidhuru.

Vifaa na kemikali

Kwa pishi la mililita 110 utahitaji:

- asidi ya kloroauriki, ile yenye molekuli 3 za maji ya fuwele (uzito wa moli 393.83);
- sitreti ya sodiamu yenye molekuli 2 za maji ya fuwele (uzito wa moli 294.10);
- maji yaliyosafishwa hadi ukinzani wa megaomu-sentimita 18.2, au maji yaliyokenekwa mara mbili;
- flaski ya mililita 250 ya kioo cha borosilikati pamoja na kondensa (bomba la kupoozea mvuke), au kioo cha saa cha kufunikia;
- jiko la umeme lenye kikorogeo cha sumaku, na kijiti cha sumaku kilichovikwa plastiki;
- mizani inayosoma miligramu, pipeti, na spektrofotomita (kipima ufyonzaji wa mwanga);
- mashine ya sentrifuji (huzungusha kwa kasi ili chembe zizame) ya mirija ya mililita 1.5.

Nunua asidi ya kloroauriki iliyo tayari, kwenye chupa ndogo ya gramu 1. Najua kuna watu walio karibu na machimbo ya Geita au Migori wanaojiuliza kama wanaweza kuyeyusha dhahabu ya mchimbaji mdogo. Dhahabu ile ina fedha na shaba ndani yake, na mara nyingine imebaki na zebaki iliyotumika kuikamatia. Kila kimoja cha hivyo kitaingia kwenye chembe zako au kwenye mapafu yako. Kusafisha dhahabu ni kazi nyingine kabisa, na ina wataalamu wake.

Chumvi hii ya dhahabu hunyonya unyevu wa hewani na hula chuma. Usiichote kwa kijiko cha chuma. Badala ya kupima kidogo kidogo kila siku, yeyusha gramu yote 1 ndani ya maji mililita 100 mara moja. Utapata myeyusho mama wa milimoli 25.4 kwa lita, wa rangi ya manjano iliyokolea. Uweke kwenye chupa ya kioo iliyofungwa foili, ndani ya jokofu, nao utakutumikia kwa mapishi mengi. Ukikudondokea kwenye ngozi huacha doa la zambarau lisilotoka kwa sabuni, na doa hilo ni dhahabu iliyojigeuza chembe juu ya ngozi yako. Vaa glavu, miwani ya kinga na koti la maabara tangu hatua hii.

Sitreti haina ukali. Pima gramu 1.14, yeyusha katika maji mililita 100, nawe umepata milimoli 38.8 kwa lita. Itengeneze siku ileile ya kazi, maana sitreti ikikaa huota ukungu, na ukungu ni uchafu ambao jicho huchelewa kuuona.

Kuosha vyombo

Hapa ndipo pishi linapoamuliwa. Punje yoyote ya chuma, mkwaruzo, mafuta ya kidole au masalia ya pishi la jana ni mahali ambapo dhahabu mpya itapenda kukaa. Badala ya kuanza chembe nyingi kwa pamoja ndani ya maji, itajijenga juu ya uchafu ule, na mwishoni utaona utando wa manjano unaong'aa kama kioo umetanda kwenye ukuta wa flaski huku kimiminika kikiwa hafifu.

Kinachosafisha dhahabu ya zamani ni mchanganyiko wa asidi ya hidrokloriki iliyokolea sehemu 3 na asidi ya nitriki iliyokolea sehemu 1, unaoitwa akua regia. Niseme wazi: hii ndiyo hatua ya hatari kuliko zote katika mwongozo huu. Hufanywa ndani ya kabati la kufyonza mvuke tu, na kamwe si jikoni wala uani. Mchanganyiko hutoa klorini na gesi za oksidi za nitrojeni kwa muda mrefu, kwa hiyo chupa yake haifungwi kwa kifuniko, ikifungwa hupasuka. Usiukutanishe na asetoni, spiriti wala kitu chochote cha mafuta. Tengeneza kidogo tu, unachohitaji kwa siku hiyo.

Mimina kiasi kidogo ndani ya flaski, izungushe taratibu ili kuta zote zilowe, tumbukiza na kijiti cha sumaku, kisha acha kwa dakika 15 hadi 30. Mimina asidi iliyotumika kwenye bika kubwa lililo wazi ndani ya kabati lilelile. Suuza flaski kwa maji safi mara nyingi, kuliko unavyodhani inatosha, kwa sababu masalia ya asidi hubadili pH (kipimo cha uasidi), na pH hubadili ukubwa wa chembe. Ile asidi ya kwenye bika, ikishapoa na kutulia, imimine polepole ndani ya maji mengi, kisha ipunguze ukali kwa magadi ya mikate, kidogo kidogo mpaka povu liishe.

Kama maabara yako haina kabati la kufyonza mvuke, usitumie akua regia. Tumia vyombo vipya ambavyo havijawahi kugusa dhahabu, vioshe kwa sabuni ya maabara, visuuze sana kwa maji yaliyokenekwa, na uvitenge kwa kazi hii peke yake. Si njia kamili kama ile, lakini inatoa koloidi (kimiminika chenye chembe zinazoelea bila kuzama) nzuri ya kujifunzia.

Na maji: ya bomba hayafai, ya kisima cha Pwani ndiyo kabisa, kwa kuwa yana chumvi, na chumvi tumeshaona inachofanya. Maji ya chupa ya kunywa pia yana madini.

Kuchemsha, hatua kwa hatua

Hatua ya 1. Weka maji mililita 96 kwenye flaski, ongeza mililita 3.94 za myeyusho mama, washa kikorogeo. Sasa una mililita 100 za dhahabu yenye milimoli 1 kwa lita, yaani takriban miligramu 20 za dhahabu yenyewe. Rangi ni manjano hafifu.

Hatua ya 2. Funga kondensa au funika kwa kioo cha saa, kisha chemsha mpaka maji yatokote kwa nguvu. Mtu wa Dar es Salaam atafika nyuzi 100. Wa Nairobi ataona maji yanatokota kwenye nyuzi 94 au 95 kwa sababu ya mwinuko. Njia hii bado inafanya kazi kwa joto hilo, ila mabadiliko ya rangi yanaweza kuchelewa. Usilinganishe pishi la Nairobi na la Dar bila kuandika jambo hilo kwenye daftari lako.

Hatua ya 3. Chota mililita 10 za sitreti na uzimwage zote kwa mkupuo, huku sumaku ikizunguka kwa kasi. Usidondoshe. Sitreti ikiingia yote mara moja, chembe nyingi huanza kuzaliwa wakati mmoja, na zinazozaliwa pamoja hukua sawa. Ukidondosha, za kwanza zitakuwa zimeshakua wakati za mwisho zinaanza, na ukubwa utatofautiana.

Hatua ya 4. Tazama bila kugusa kitu. Kwanza manjano hupotea na maji huwa meupe. Kisha hutokea kijivu chenye ubluu, baadaye zambarau nzito inayokaribia weusi, na ndani ya dakika chache huanza kufunguka kuwa nyekundu, ikitulia kwenye rangi ya juisi ya rosela. Wanaoanza hukata tamaa kwenye ile zambarau nyeusi wakidhani wameharibu. Vumilia, pishi lenye afya hupita hapo.

Hatua ya 5. Rangi ikishakuwa nyekundu, endelea kuchemsha kwa dakika 10. Ondoa motoni, endelea kukoroga kwa dakika 15 nyingine huku ikipoa. Ikiwa mvuke umepotea, ongeza maji safi mpaka ujazo urudi mililita 110.

Umeme ukikatika kabla ya wekundu kutokea, pishi hilo lipeleke kwenye chupa ya masalia na uanze upya. Ukikatika baada ya wekundu kutulia, hasara ni ndogo.

Kupima ulichopata

Mwanga wa dirishani unakuambia mengi. Kimiminika kizuri ni chekundu na kiangavu. Ukikitazama dhidi ya karatasi nyeupe hakina vumbi wala utando. Zambarau inayobaki baada ya kupoa, punje nyeusi chini, au utando wa manjano ukutani, vyote vinamaanisha uchafu au sitreti kidogo mno.

Kisha tumia spektrofotomita. Punguza makali kwanza: sehemu 1 ya koloidi kwa sehemu 4 za maji safi, la sivyo kipimo kitagonga dari. Kilele cha ufyonzaji kiwe karibu na nanomita 518 hadi 520, na baada ya kupunguza makali kisome takriban 0.7. Kilele kikiwa chembamba na mstari ukashuka haraka kabla ya nanomita 600, chembe zako zinafanana na hazijagandana. Mstari ukibaki juu huko kwenye 650 na 700, kuna mafungu yaliyoshikana.

Kipimo hichohicho kinakadiria ukubwa. Gawanya ufyonzaji wa kileleni kwa ufyonzaji wa nanomita 450: jibu likiwa karibu na 1.5, chembe ni za nanomita 10 hivi, likiwa 1.73, ni za nanomita 20. Pishi letu hutoa chembe za takriban nanomita 13, kwa hiyo tarajia karibu 1.6. Vilevile ufyonzaji wa 1.2 kwenye nanomita 400 unalingana na milimoli 0.5 ya dhahabu iliyogeuka metali katika kila lita. Hapo utajua ni dhahabu kiasi gani imegeuka kweli na kiasi gani imebaki chumvi.

Kila chembe ya nanomita 13 ina atomi 68,000 hivi. Ukifanya hesabu kutoka kwenye miligramu 20 za dhahabu, kila mililita ya kimiminika chako ina chembe karibu trilioni 8. Hesabu hii itakufaa utakapotaka kujua dawa ya kuvisha chembe iwekwe kiasi gani.

Jaribio la mwisho ni la chumvi. Chukua mililita 1, ongeza mikrolita 100 za myeyusho wa chumvi ya mezani wa asilimia 10. Ndani ya sekunde chache itageuka bluu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kwa chembe zilizovishwa sitreti peke yake. Kumbuka rangi hiyo, kwa sababu tutarudia jaribio baada ya kuzivisha upya.

Kutenga

Kimiminika chekundu bado si chembe peke yake. Ndani yake kuna sitreti iliyobaki, mazao ya sitreti iliyoungua, kloridi, na pengine chembe kubwa chache zisizohitajika. Kwa baadhi ya kazi unaweza kuyaacha hayo yote. Kwa kipimo cha kitabibu au kwa kazi ya kuambatisha protini, lazima yatoke.

Tatizo ni kwamba ukiondoa sitreti yote, umeondoa vazi. Kwa hiyo kanuni ya kutenga ni kupunguza uchafu huku chembe zikiwa zimevaa. Kuna njia mbili za kuzivisha kabla ya mashine. Iliyo nyepesi ni kuongeza Tween 20, aina ya sabuni laini ya maabara, mpaka ifike asilimia 0.05 ya kimiminika. Iliyo imara ni kutumia PEG (polietilini glaikoli, molekuli ndefu inayopenda maji) yenye kichwa cha thioli, yaani salfa inayoshika dhahabu kwa nguvu. Kwa PEG ya uzito wa 5,000, mikrolita 200 za myeyusho wa miligramu 1 kwa mililita zinatosha mililita 1 ya koloidi yetu na ziada inabaki. Changanya taratibu, acha usiku kucha. Kisha rudia jaribio la chumvi: ikibaki nyekundu, vazi limekaa. Mimi napendelea PEG kila mara chembe zinapotarajiwa kukutana na damu, mate au maji yoyote ya mwili, kwa sababu yote hayo yana chumvi.

Sasa mashine. Gawa koloidi kwenye mirija ya mililita 1.5, uzito sawa kwa sawa, na upange mirija ikitazamana. Kwa chembe za nanomita 13 tumia nguvu ya 15,000 hadi 17,000 g (g si gramu, ni nguvu ya mvutano wa dunia) kwa dakika 30 hadi 40. Mashine nyingi huonyesha mizunguko badala ya nguvu, kwa hiyo fanya hesabu: zidisha 0.00001118 kwa nusu kipenyo cha rota katika sentimita, kisha kwa mraba wa mizunguko ya dakika moja. Rota yenye nusu kipenyo cha sentimita 8 ikizunguka mara 13,000 kwa dakika inatoa takriban 15,100 g. Mtu akikupa maelekezo ya mizunguko bila kutaja rota, hajakupa maelekezo.

Mashine ikisimama, toa mirija bila kuitikisa. Chini utaona tone zito jekundu, laini, linaloteleza ukiinamisha mrija. Hayo ni mashapo mazuri. Ukiona utando mweusi uliokauka na kung'ang'ania ukuta, umezungusha kwa nguvu mno au kwa muda mrefu mno, na utando huo haurudi tena kuwa koloidi.

Nyonya maji ya juu kwa pipeti, ncha ikifuata ukuta ulio mbali na mashapo. Acha mikrolita 30 hadi 50 juu ya tone. Ukiwa na tamaa ya kutoa yote utaondoka na dhahabu. Ongeza kiasi kilekile cha maji kama ulichotoa. Kwa chembe za sitreti, maji hayo yawe na sitreti milimoli 2 kwa lita. Kwa zilizovishwa PEG, maji safi yanatosha. Chota na kurudisha kwa pipeti taratibu mpaka tone lote lisambae.

Mizunguko miwili ya namna hii inatosha kazi nyingi. Kila mzunguko unakula chembe kadhaa, na chembe za sitreti hazivumilii zaidi ya mitatu. Baada ya kila mzunguko pima tena kwa spektrofotomita. Kilele kikisogea kutoka 519 kwenda 530 wakati hujaongeza ukubwa, zimeanza kushikana. Maji ya juu yakiwa bado na wekundu, usiyamwage, yazungushe tena.

Asiye na sentrifuji yenye nguvu hiyo atumie mfuko wa dayalisisi, yaani utando unaopitisha vitu vidogo na kuzuia vikubwa, wenye matundu ya kuzuia molekuli za uzito wa 12,000 hadi 14,000. Jaza koloidi, funga, zamisha kwenye maji yaliyo mara 100 ya ujazo wake, badilisha maji mara kadhaa kwa siku. Ni njia ya polepole lakini ni ya upole, wala haiachi utando. Ubaya wake ni kwamba haikoleshi koloidi.

Sentrifuji ina kazi nyingine ambayo wengi hawaitumii: kutenganisha kubwa na ndogo. Kasi ya chembe kuzama hufuata mraba wa kipenyo chake. Chembe ya nanomita 40 huzama karibu mara 9 au 10 ya kasi ya ile ya nanomita 13. Kwa hiyo zungusha kwanza kwa nguvu ndogo, kama 2,500 g kwa dakika 30. Kubwa na mafungu yaliyoshikana huenda chini, ndogo hubaki juu. Chukua maji ya juu, nayo ndiyo uyapeleke kwenye mzunguko wa nguvu.

Wengi huniuliza kuhusu unga. Chembe za sitreti hazikaushwi. Ukizikausha utapata dhahabu ya kawaida, ya ghali na isiyo na faida. Anayehitaji unga unaoweza kuyeyuka tena atumie njia ya Brust na Schiffrin ya mwaka 1994, ambapo dhahabu huhamishiwa kwenye kiyeyushi kiitwacho toluini na kuvishwa thioli ndefu, halafu chembe huangushwa kwa ethanoli na kukaushwa. Zinatoka ndogo sana, nanomita 1 hadi 3 hivi, na zinahitaji kabati la mvuke mwanzo hadi mwisho.

Koloidi iliyotengwa hukaa miezi mingi ndani ya jokofu kwenye nyuzi 4, katika chupa nyeusi. Isiingie friza. Kwenye lebo andika tarehe, kilele cha ufyonzaji, aina ya vazi na idadi ya mizunguko iliyopitia.

Ukitaka chembe kubwa zaidi

Frens aligundua kwamba sitreti ikipungua, chembe hukua, kwa kuwa zinazoanza ni chache na kila moja hupata dhahabu zaidi. Kwa mililita 50 za asidi ya kloroauriki ya asilimia 0.01, mililita 1 ya sitreti ya asilimia 1 hutoa chembe za nanomita 16 hivi, mililita 0.5 hutoa karibu 41; mililita 0.3 hutoa karibu 72. Ukipita nanomita 50 ukubwa huanza kutofautiana sana. Hapo ni afadhali kutumia chembe ndogo ulizonazo kama mbegu na kuzikuza kwa dhahabu mpya hatua kwa hatua. Kwa sentrifuji, chembe za nanomita 40 hutengwa kwa 2,500 g kwa dakika 30; usizipeleke kwenye 15,000.

Chembe za fedha kwa ufupi

Chembe nano za fedha, ile metali nyeupe, ni rahisi kuanza na ngumu kutunza. Yeyusha borohidridi ya sodiamu miligramu 7.6 kwenye maji ya barafu mililita 100 (milimoli 2 kwa lita), muda uleule wa kutumia, maana huoza ndani ya maji na kutoa haidrojeni. Weka mililita 30 kwenye flaski iliyokaa ndani ya barafu, koroga, kisha dondosha mililita 10 za nitreti ya fedha ya milimoli 1 kwa lita (miligramu 17 kwenye mililita 100), kama tone 1 kwa sekunde. Hapa unadondosha, tofauti na dhahabu. Tone la mwisho likiingia, zima kikorogeo. Rangi ni manjano angavu, na kilele kiko karibu na nanomita 400. Ikigeuka kijivu imegandana. Maji yenye kloridi huleta weupe papo hapo, nao ni kloridi ya fedha. Kamwe usichanganye nitreti ya fedha na amonia ukaiweka, kwa sababu hutokea mashapo yanayolipuka.

Kuna wanaouza maji ya koloidi ya fedha kama dawa ya kunywa inayotibu kila kitu. Usinywe, wala usimpe mtu unachotengeneza maabara. Fedha hujikusanya mwilini na kuigeuza ngozi rangi ya kijivu-bluu isiyoondoka maishani. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitamka mwaka 1999 kwamba dawa za namna hiyo zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliwi kuwa salama wala kuwa na uwezo wa kutibu.

Masalia

Weka chupa moja kubwa yenye lebo ya masalia ya dhahabu, na kila pishi lililoharibika, kila suuzo jekundu na kila ncha ya pipeti iliyochafuka viishie humo. Ikikaribia kujaa, ongeza kijiko cha chumvi ya mezani na uache usiku mzima. Chumvi ileile uliyokuwa ukiiogopa sasa inafanya kazi kwa faida yako: chembe za sitreti hugandana, hugeuka nyeusi na kuzama. Mimina maji yaliyo juu kwenye chupa ya taka za kemikali, kausha tope lililobaki, na uliweke kwenye kichupa mpaka yapatikane ya kutosha kupelekwa kwa msafishaji wa dhahabu. Masalia ya fedha yawe na chupa yake, usiyachanganye.